Mkungu Niliowaachia Ndege

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu wifi yangu alinijia na panga mkononi. Tulia, hakutaka kunikata mimi. Alitaka kukata mkungu wa ndizi. Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana nyinyi vijana mnapenda kusikia mwisho kabla ya mwanzo.

Niliolewa huku mlimani nikitokea mtaa wa Soweto, huko mjini. Mama mkwe wangu alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, haoni ila mwanga. Mchana kutwa alikaa kibarazani akisikiliza ndege. Kwa sauti zao alijua kumekucha, alijua mvua iko jirani, alijua hata paka kapita kwenye migomba. Alinisimulia wanachogombania, tukacheka mpaka mbavu ziume.

Kisha bei ya kahawa ikaanguka. Wanunuzi binafsi walijaa kila njia panda, lakini walichotoa hakikutosha hata dawa ya kupulizia. Mume wangu, kama wenzake wengi, aling'oa mibuni, akakata na miti ya kivuli, akapanda nyanya za kupeleka soko la Holili, mpakani. Simlaumu, watoto walitaka kula. Ila ndege waliondoka. Kihamba chetu, yaani shamba linalozunguka nyumba, kikawa kimya, na mama naye akanyamaza. Bakuli la uji lilirudi jikoni limejaa vilevile. Nilimwona anaisha mbele ya macho yangu, na nilimpenda, mwanangu, kuliko nilivyowahi kumwambia.

Nikaamua kuwarudisha ndege. Nikamwaga mchele uani. Wakaja kuku wa kijiji kizima. Nikaweka maji kwenye karai, mbuzi akayanywa. Basi nikafanya jambo ambalo mke wa Kichagga halifanyi. Mkungu wa ndizi kisukari ulipokomaa, pale chini ya mringaringa, mti pekee wa kivuli tuliobakiwa nao, sikuukata. Niliuacha uive palepale mgombani, upasuke, unukie. Huku kwetu mkungu ukiivia shambani hawaulizi ndizi zina nini. Wanauliza mwanamke wa nyumba hii ana nini. Walinisema wee, mpaka kwenye sala za jumuiya!

Jumapili moja baada ya misa wifi akaja kutoka Shirimatunda. Kuuona tu ule mkungu, akashika panga.

"Kumbe kaka yangu kaoa mvivu? Mama hataki kula, na ndizi zinaozea juu!"

"Wifi, nakuomba. Leo tu."

"Leo tu nini?"

Juu yetu kulisikika kishindo cha mabawa, na ndege mkubwa wa kijani mwenye kishungi akatua juu ya mkungu. Akaja wa pili. Walipokunjua mabawa, ndani yalikuwa mekundu, wekundu ambao sijauona kwenye kitenge chochote wala kwenye vazi la padri siku ya Pentekoste. Mungu wangu! Uzuri wa namna ile ulikuwa unaishi jirani yangu, na sasa umekuja kula kwangu. Wifi, mwanamke wa maneno yule, akashusha panga.

Kisha wakaita, kwa ile sauti yao ya kukwaruza. Mama akainuka kibarazani, mikono mbele, machozi yanamtiririka.

"Wangapi?"

"Wawili, mama."

"Niacheni niwasikie." Akatega sikio upande wa mgomba. Halafu akauliza, "Mtori upo?"

Alimaliza bakuli la ule mchuzi wa ndizi na nyama, akaomba jingine. Wifi alirudisha panga mahali pake, akaenda kuniletea kuni bila kuambiwa.

Kwa hiyo, mwanangu, ukijenga nyumba yako usifyeke kila kitu ukajaza vitofali vya kutandaza uani mpaka getini. Acha mti mmoja mkubwa, na tunda lililoivia juu. Maji yaweke mahali ambapo kuku na mbuzi hawafiki. Usiwafungie ndege kwenye tundu. Kinachofurahisha ni kwamba wamechagua kuja. Na yule mgonjwa au mzee unayeishi naye, jua anachokisikiliza akiwa peke yake, kisha umtafutie hicho, hata wakikuita mvivu. Aibu yangu ilikwisha siku ileile, na mama aliishi akawapakata na wajukuu waliozaliwa baadaye.

Mungu akujalie nyumba yenye sauti, na siku utakapozeeka akupe mkwe atakayekubali kusemwa na watu kwa ajili yako.