Ruhusa Yangu Imeishia Mgongoni

Jamani, msithubutu kupumzika karibu na boma la serikali!

Nina ruhusa ya wiki nzima, nipo kwa mama. Leo nimeshiba ugali kwa mlenda, nimejifunga shuka, nikasinzia mbele ya nyumba.

Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa boma, akapita na askari wake. Sikusimama kumsalimu.

"Mlazeni huyo mvivu!"

"Bwana, mimi ni karani wako!"

Akacheka. "Karani wangu huvaa kanzu na kofia." Akamgeukia askari Juma, ambaye hula nami kila siku. "Unamjua?"

Juma akanitazama usoni.

"Simjui, Bwana."

Kiboko akashika Juma mwenyewe. Mama anaona.

Jioni Juma kaja na samli ya kunipaka mgongoni.

"Ningekujua, ndugu yangu, tungelazwa wawili."

Mama kamkaribisha chakula. Tumekula sahani moja.

Ninyi mngekula?