Mwalimu wa Newala na Programu Zilizosubiri Mashine

Niliondoka Dar es Salaam kwa sababu nilikuwa nimefeli. Nilikuwa mwaka wa pili wa sayansi ya kompyuta, katika chuo kikuu kilichogawanyika katika vyuo vidogo, kila kimoja kikiwa na mabweni yake, bwalo lake na mlezi wake wa masomo. Ilikuwa miaka ile biashara huria ilipoingia nchini na kila kijana alitaka kusoma kompyuta, lakini maabara yetu ilikuwa na mashine chache mno. Ukipata zamu yako ya saa moja, unaandika mbiombio, unabonyeza, kosa linatokea, unabadilisha herufi, unabonyeza tena. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kutunga programu. Ulipokuja mtihani wa kuandika kwa kalamu, pasipo kitu cha kubonyeza, nikakwama.

Mlezi wangu aliniita ofisini kwake.

"Sapu yako, mtihani wa kurudia, ni baada ya likizo," alisema. "Kabla ya hapo utakwenda Newala. Maabara imepata mashine mpya, na moja ya zile kuukuu itapelekwa sekondari moja ya huko. Kuna mwalimu wa hisabati ameniandikia barua tano kuiomba. Kaa naye wiki tatu."

"Nikamfundishe kompyuta?"

"Kaa naye," akarudia.

Alfajiri ya Jumatatu nilipanda basi la kusini. Kioo cha kompyuta, kizito kama jiwe la kusagia, kilikuwa chini ya kiti, na sanduku la mashine yenyewe nililipakata. Tulipofika Rufiji tulishuka wote kungoja pantoni, nami nikavuka mto nimelikumbatia sanduku, watu wakiniuliza kama nimebeba redio. Ng'ambo ya mto barabara ilikuwa mchanga na mashimo. Kila mara basi liliporuka, niliruka na mashine mapajani, ili mshindo uniishie mimi.

Siku ya pili, saa nane mchana, milima ya mawe ya Masasi ilitokea mbele yetu, myeusi, mikubwa, imesimama peke yake kwenye tambarare. Sijapata kuona mji uliokaa vizuri hivyo miguuni pa mawe. Stendi nilipokewa na Mzee Lukas, mwalimu mstaafu wa dini, kaka yake yule mwalimu wa Newala. Tulikula ugali wa muhogo na kisamvu kwake, na nikamwuliza dada yake ni mtu wa namna gani.

"Mama Neema?" alicheka. "Ana miaka tisa anaandikia mashine ambayo hajapata kuiona. Sisi tulidhani ni huzuni ya kufiwa na mume. Sasa tumezoea."

Asubuhi iliyofuata Mzee Lukas alinitafutia nafasi kwenye lori lililopeleka Newala mifuko ya salfa ya kupulizia mikorosho. Vumbi la salfa ni jepesi na hupenya popote, kwa hiyo alinipa blanketi lake la kufunikia mashine. Lori lilipanda uwanda wa Makonde polepole, mikorosho huku na huku, udongo mwekundu, na kadiri tulivyopanda ndivyo baridi ilivyoongezeka. Newala tuliingia katikati ya ukungu. Nilishuka nikiwa wa njano toka nywele hadi viatu.

Mama Neema alikuwa amesimama kwenye lango la shule. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka arobaini na kitu, amevaa sweta la kijani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Pole na safari. Mashine imepona?"

Alinitazama mimi baadaye.

Maji ya kuoga nilipewa ndoo moja, na nikaelezwa kwa upole kwamba ndiyo hiyo. Juu ya uwanda ule hakuna mito. Shule ilitegemea maji ya mvua yaliyovunwa kutoka kwenye paa na kuhifadhiwa ndani ya tangi la saruji. Yakiisha kabla ya masika, wasichana huteremka bondeni na ndoo kichwani, na masomo husimama.

Kesho yake Mama Neema alinionyesha madaftari yake. Yalikuwa kumi na moja. Mwalimu mmoja mgeni alikuwa amemwachia kitabu cha lugha ya kompyuta iitwayo Basic, na kwa kitabu hicho alikuwa ametunga programu baada ya programu, mistari imepewa namba, hakuna aliyepata kuijaribu hata moja. Nilimwuliza alijuaje kama zilikuwa sahihi.

"Njoo uone," alisema.

Alitoka na wasichana sita wa kidato cha tatu hadi uwanjani. Kila msichana alishika kipande cha ubao chenye jina na namba chini yake: MAJI, SIKU, NDOO na mengineyo. Mama Neema alisoma mstari mmoja mmoja, na aliyeguswa na mstari ule alifuta namba yake kwa kiganja na kuandika mpya. Msichana aliyeitwa MAJI alipokosea, wenzake watano walimsahihisha kabla ya mwalimu. Nilisimama pale, mwanafunzi wa chuo kikuu, nikaona kwa macho yangu kile kitu kilichonishinda kwenye mtihani. Programu ilikuwa inatembea.

Siku ya nne, saa tatu asubuhi, mkuu wa shule aliruhusu jenereta iwashwe. Kioo kilipowaka, wasichana waliojazana madirishani walipiga vigelegele. Mama Neema alichagua programu ya tangi: unaiambia kina cha maji na idadi ya wanafunzi, nayo inakwambia maji yatadumu siku ngapi. Alinisomea, mimi nikaandika. Kisha nikabonyeza.

Namba zilianza kukimbia kwenye kioo. Siku ya mia. Siku ya elfu. Hazikusimama. Nikamwona Mama Neema akishika ukingo wa meza. Mkono wangu ulikwenda kwenye kibodi, kama nilivyozoea, nibadilishe chochote.

"Toa mkono," alisema.

Hakugusa kitu. Alitazama zile namba, midomo ikimchezacheza, halafu akatabasamu.

"Tangi hili maji hayapungui. Watu wanachota, siku zinakwenda, maji yako palepale. Mstari wa themanini umeuandika?"

Nilitazama. Nilikuwa nimeuruka. Kosa halikuwa lake, lilikuwa langu, naye amelitambua kwa kuangalia tu, siku ya kwanza maishani mwake kuona kompyuta ikifanya kazi.

Nikauandika mstari, nikabonyeza. Jibu lilitokea mara moja: siku sitini na tatu.

Mama Neema alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Kisha akamwita mkuu wa shule.

"Mvua bado miezi minne, Mwalimu Mkuu. Tuanze kupima maji leo, si siku tutakapoona sakafu ya tangi."

Siku hiyohiyo ndoo zilipangiwa zamu.

Wiki zilizobaki mimi ndiye niliyefundishwa. Kila asubuhi alinipa karatasi na kuniuliza mstari kwa mstari: sasa hivi SIKU ni ngapi? Siku ya kuondoka, tukingoja gari, aliniuliza kwa sauti ya chini, "Huko kwenu wanapokea mtu mzima?"

Nilimwambia upo mtihani wa kuingilia kwa watu wazima.

"Niletee fomu."

Nilirudi Dar kwa njia ileile, mikono mitupu. Nilifanya sapu kwa utulivu, nikitembeza kila mstari kwa kalamu, nikafaulu. Nilichojifunza Newala ni kidogo na kimenitosha maisha yote: usiiulize mashine jambo ambalo hujaliwaza mwenyewe hadi mwisho.

Fomu niliipeleka kwa posta siku niliyofika. Mwaka mmoja baadaye, nilipoanza mwaka wa mwisho, nilikwenda stendi kumpokea mwanafunzi mpya wa sayansi ya kompyuta, nikambebea sanduku lake la bati hadi bweni la wanawake. Mlinzi aliniruhusu kufika mlangoni tu. Wasichana watatu waliokuwa chumbani waliruka kutoka vitandani, wakasimama wima, wakasema shikamoo kwa pamoja.

"Marahaba, wanangu," alisema Mama Neema, akivua sweta. "Kitanda changu ni kipi?"