Hilaria wa Marangu na Mtoto wa Meno ya Juu

Alizaliwa Marangu mwaka 1949, msimu wa kuchuma kahawa, akabatizwa kwa jina la Hilaria. Wazazi wake walikuwa Wakatoliki wa Jumapili: asubuhi Misa, na mtoto akiugua, jioni kondoo wa matambiko. Hilaria alikua akiyaona yote mawili na kuuliza maswali mengi kuliko mama yake alivyopenda. Filemon, kaka yake mkubwa, alisema mdogo wake angemchosha hata malaika.

Aliolewa, akafiwa na mumewe mapema, na katika ujane wake akaitikia wito wa kuwa katekista wa kigango. Mtume Paulo anatuhimiza kupima yote na kushika lililo jema, na Hilaria alilichukua neno hilo kwa uzito wake wote. Hakuzitupa mila za Wachagga kwa mkupuo, wala hakuzimeza. Kila moja aliiweka mbele ya Injili na kuuliza kama inamlea mtu wa Mungu au inamtia hofu tu.

Jaribu lake kubwa lilitoka nyumbani. Mwaka 2003 Gladys, mkwe wa Filemon, alikuwa na binti mchanga aitwaye Violet, na mtoto huyo akaota meno ya juu kwanza. Watu wakanong'ona kwamba ni kigego, mtoto wa mikosi. Haukupita muda, ng'ombe wa maziwa wa Filemon akafa, na mzee akaamua mtoto apelekwe Kahe kwa watu baki kabla ya Jumapili. Gladys alilia mpaka sauti ikamkauka. Hilaria alifika akiwaka, na mbele ya wazee waliokuwa wakinywa mbege akamwita kaka yake mpagani mwenye rozari. Filemon akamfungia mlango, na mtoto akawa hatarini zaidi kuliko mwanzo.

Hilaria alirudi kwenye Maandiko. Hakuona popote jino likihukumiwa; aliona Bwana akiwapokea watoto. Lakini aliona pia onyo kwa amtukanaye ndugu yake, na hilo lilimchoma. Akakata jani la isale, ambalo kwa Wachagga ndilo ombi la msamaha, na aletewaye hawezi kukataa kusikiliza. Mektrida, mwenyekiti wa jumuiya, alishtuka kumwona katekista ameshika jani la mila. Hilaria akamjibu kwamba jani halisamehe wala halilaani. Ni namna yao ya kuomba radhi, na kuomba radhi Bwana ameamuru. Basi, akasema Mektrida, alitumie kumwombea mtoto msamaha. Hilaria alikataa katakata.

"Shikamoo, kaka," alisema mlangoni, amepiga magoti. "Jani hili ni la kosa langu. Nilikutukana mbele za watu. Mtoto hana kosa la kuombewa."

Filemon alilipokea. Akauliza, "Na ng'ombe je?"

"Ng'ombe amekufa, kaka, na mimi imeniuma. Lakini huyu ni mjukuu wako."

"Naogopa, Hilaria."

"Najua. Mpakate, mimi nikae hapa. Likija baya, lianze na mimi."

Gladys akamleta mtoto. Filemon alimpakata, na jua likazama wakiwa wameketi hivyo. Safari ya Kahe haikutajwa tena.

Hilaria alifariki kwa amani mwaka 2019, akazikwa kihambani, katika shamba la ukoo. Wapo wasemao wameponywa kwa maombezi yake. Hayo tunaliachia Kanisa lipime, kama yeye mwenyewe angetaka. Ajabu tuliyoishuhudia sote ni hii. Mwaka uliofuata ilisikika kwamba familia moja mtaa wa Soweto, mjini Moshi, inamficha mtoto kwa sababu ya meno ya juu. Filemon, mzee wa fimbo, alidai yeye mwenyewe apelekwe huko. Alipofika hakuhubiri. Aliomba apewe mtoto, akampakata, akawaambia wazazi, "Nitakaa hapa mpaka hofu iwatoke. Mimi ilinichukua jioni nzima."

Ndugu mpendwa, pima mila zako hivyo: Neno mkononi, na ukae karibu na mwenye hofu.