Tafsiri za Karani

Mama Pasi aliitwa hivyo hata kabla hajapata mtoto. Alikuwa mpiga pasi katika chumba cha kufulia cha hoteli kubwa, shuka mia mbili kwa zamu na foronya zisizo idadi, na jina la kazi likamganda kama wanga kwenye kola. Shule aliiacha darasa la nne, baba yake alipofariki. Kiingereza chote alichokijua kilikuwa kile cha kwenye lebo za nguo, nacho alikisoma kwa picha: pasi yenye nukta moja, moto mdogo, yenye nukta tatu, moto mkali.

Mwanamume aliyemchumbia alikuwa karani wa ghala katika kampuni ya kujenga barabara. Mtu nadhifu, mfukoni kalamu mbili, mdomoni maneno machache. Majirani walimwendea awaandikie barua za Kiingereza, naye hakuwakatalia. Jioni moja alikuja kwa kina Mama Pasi na redio ya kaseti kwapani, na ndani yake kaseti aliyoachiwa na mhandisi Mmarekani aliyemaliza mkataba akarudi kwao. Nyimbo kumi. Mwanamume mmoja, gitaa moja, na mara mojamoja kinanda cha mdomo. Basi.

"Wenzake wako wapi?" Mama Pasi aliuliza. "Hata mpiga ngoma hana? Au wamemsusia?"

Karani akacheka. "Ndivyo wanavyoimba huko mashambani kwao. Mtu na gitaa lake. Tulia usikilize."

Akatulia. Mwanzoni aliona ni kama mtu anayejisemea peke yake huku akimenya viazi. Lakini kwa kuwa hapakuwa na makelele mengine, alianza kusikia vitu vidogo: vidole vikiteleza juu ya nyuzi, kiti kikilia, pumzi ikivutwa kabla ya kila mstari. Ilikuwa kana kwamba mtu yule ameketi mle chumbani, kati yao, na anaona haya kidogo.

"Anasema nini?"

Karani alisikiliza kwanza, kichwa amekiinamisha. "Anasema, mikono ya mke wangu imechoka kwa kazi, lakini nikiishika nasahau dhiki zangu zote."

Mama Pasi akaitazama mikono yake. Ilikuwa na makovu ya pasi tangu kiganjani mpaka kiwikoni, na hakuna aliyewahi kuitaja ila kwa kuionea huruma. Miezi mitatu baadaye wakaoana.

Katika ndoa yao, nyimbo zile ndizo zilizokuwa zikisema. Karani mwenyewe hakuwa msemaji. Alikula, alinawa, alishukuru, kisha akabonyeza kitufe. Wakigombana hakuomba radhi; aliweka wimbo wa saba, wenye kile kinanda cha mdomo kinacholia kama mtoto aliyenunishwa, ambao kwa maelezo yake ni wa mtu anayemwomba Mungu azeeke pamoja na mkewe. Mama Pasi akiusikia huo, hasira zinamtoka hata kama hataki. Wenzake kazini walipolalamika juu ya waume zao, yeye aliwasimulia tafsiri. "Shoga, wewe umepata mume msomi," walimwambia. Naye akakubali kwamba amepata.

Binti yao wa pekee alipokuwa darasa la saba, ilikuja barua kutoka kwa shangazi yake Mama Pasi. Shangazi alikuwa na karakana ya ushonaji katika mji ulio mwendo wa siku nzima, vyerehani sita, na hakujaliwa mtoto. Macho yalikuwa yameanza kumwishia. "Njoo, mwanangu," aliandika. "Nikufundishe kukata. Nikifumba macho, duka ni lako. Mumeo akipenda aje, asipopenda atakufuata baadaye."

Mama Pasi aliisoma barua ile mara tatu mwenyewe, akiifuata kwa kidole. Kushona alikupenda tangu utotoni. Kazini, meneja akiwa mbali, alikuwa akigeuza nguo za wageni ndani nje ili aone zilivyounganishwa.

"Uamuzi ni wako," Karani alisema. "Mimi sikuzuii."

Jioni ile akaweka wimbo wa nne. Gitaa liliingia polepole, uzi mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Safari hii Karani alitafsiri bila kuulizwa. "Anasema, mti wa kuhamishwahamishwa hauzai. Anasema, mke wangu, ukitoka mlangoni leo, siku ukirudi utakuta majivu."

Mama Pasi alilia. Asubuhi akamwandikia shangazi kwamba hawezi. Mwaka uliofuata shangazi alimkabidhi karakana mwanafunzi wake mmoja, na habari zikawafikia kwamba mwanafunzi huyo amejenga nyumba ya ghorofa. Mama Pasi akalimeza hilo. Alijiambia kwamba yeye ana mume asiyetaka aende, na mwenye ghorofa pengine hana.

Ikapita miaka kumi na saba ya shuka. Bega la kulia likaanza kukataa kupanda. Binti akasoma, akamaliza, akapata kazi katika ofisi ya bima katika mji mwingine. Kisha kiharusi kikamkamata Karani akiwa anafunga kamba za viatu, kikamlaza upande mmoja na kumnyang'anya maneno yote isipokuwa moja: ndiyo. Una njaa? Ndiyo. Umeshiba? Ndiyo. Mama Pasi aliomba zamu ya asubuhi tu ili mchana amwogeshe, amlishe, amgeuze. Kaseti ilikuwa imekatika zamani, ila binti alizitafuta nyimbo zilezile akazitia kwenye kadi, akamletea mama kispika kidogo cha kuwekea kando ya kitanda. Kila zikipigwa, machozi yalimtiririka mgonjwa kwenye shavu lile zima. Mama Pasi aliyafuta, akiamini analiliwa yeye.

Hospitali ilikuwa ikimtuma mtaalamu wa mazoezi kila Jumanne kumnyoosha viungo, mtu wa makamo mwenye utani mwingi, aliyesomea ng'ambo. Jumanne moja alikuta nyimbo zinaendelea. Alikunja goti la mgonjwa, akalinyoosha, akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Mama, mgonjwa huyu tunataka acheke. Mbona unamwekea huzuni?"

"Huzuni gani, baba? Hizo ni nyimbo za mapenzi."

"Mapenzi?" Mtaalamu akacheka. "Huu uliopigwa nikiingia ni wa mtu anayemtoroka mkewe alfajiri, amebeba viatu mkononi asije akamwamsha. Huu unaopigwa sasa ndio una nafuu kidogo. Mume anamwambia mkewe, ukisikia njia inakuita, nenda. Sitakulaani, wala mlango sitaufunga nyuma yako."

Uliokuwa ukipigwa ulikuwa wa nne.

"Una hakika?" Mama Pasi aliuliza.

"Mama, nimesoma miaka sita kwa Kiingereza hichohicho."

Mama Pasi alikuwa ameshika taulo la maji moto. Alilishika mpaka likapoa. Karani alikuwa amefumba macho, ingawa hakuwa amelala; kope zilikuwa zikitetemeka.

Mtaalamu alipoondoka, Mama Pasi alivuta kigoda akaketi usawa wa uso wa mumewe.

"Maneno ya nyimbo hizi ulikuwa unayajua?"

"Ndiyo."

"Ulikuwa ukinidanganya?"

"Ndiyo."

Kisha akakumbuka, akauliza tena. "Mimi ni tembo?"

"Ndiyo," akasema Karani, akimtazama kwa bidii yote aliyokuwa nayo.

Mama Pasi akacheka, kicheko ambacho jirani wa ukuta wa pili aliposikia alidhani ni kwikwi ya kilio. Alivikwa kilemba cha ukoka miaka yote ile, na aliyemvika hawezi hata kusema alikuwa na maana gani. Pengine alitaka kumpendeza. Pengine kila jioni alikuwa anaondoka na viatu vyake mkononi, yeye akimwandalia chai.

Binti alikuja Jumapili. Mama hakumzungusha.

"Kiingereza unakijua. Nyimbo za baba yako zinasema nini?"

Binti aliweka mkoba chini polepole mno. Hapo mama akajua.

"Tangu lini?"

"Darasa la saba. Niliyashika maneno ya ule wa viatu, nikamuuliza baba. Akaniambia, mama yako anachoka sana, mwachie furaha yake."

"Na barua ya shangazi ilipokuja?"

Binti akainama kuuweka mkoba sawa.

"Nimekuuliza."

"Mama, nilikuwa nimechaguliwa shule ile ya hapa. Kule kwa shangazi hakukuwa na shule kama ile. Nilijua nikikwambia, kesho yake utafunga mizigo."

"Kwa hiyo mliketi watu wawili mkanigawana kama mkate."

"Nilikuwa mtoto, mama."

"Ulikuwa mtoto. Kisha ukawa mtu mzima, ukanyamaza vilevile."

Akamwambia amwelezee zote, neno kwa neno. Mchana kutwa binti alisimamisha na kuendeleza, akatafsiri, huku mama akikunja nguo za mgonjwa. Hakuna hata moja iliyofanana na alivyoambiwa, isipokuwa ya kumi. Hiyo Karani alikuwa akisema ni ya punda aliyekufa, na kweli ilikuwa ya punda aliyekufa. Na kilichomkera Mama Pasi kuliko yote ni kwamba nyimbo zilikuwa nzuri. Bado alizisikia zile pumzi, bado kile kiti kililia, na mwimbaji hakuwa na kosa lolote.

Tangu siku ile hakumwekea tena. Jioni Karani aliyakaza macho kwenye rafu penye kispika, akatoa sauti ya koo. Mama Pasi alimpangusa mdomo akaendelea na shughuli zake.

"Mama, unamnyima kitu kimoja kilichombakia," binti alimwambia mwezi uliofuata.

"Namlisha, namwogesha, namgeuza asipate vidonda. Daktari hakuniandikia nyimbo."

Karani aliishi miezi mitano zaidi. Msibani walijaa watu, na waliosimama kumsifu walisimulia kisa kilekile, kwa maana Mama Pasi mwenyewe ndiye aliyekitangaza miaka mingi: mume aliyemtafsiria mkewe nyimbo za mapenzi kila jioni. Karani mwenzake wa zamani alikisimulia vizuri mpaka wanawake wakajifuta macho. Mmoja wa wapiga pasi akamwinamia mfiwa. "Shoga, si ungetuwekea hata mmoja tusikie?"

Binti akamtazama mama yake. Mama akasema kispika kimeisha chaji, akainuka kwenda kuangalia kama maji ya chai yanatosha.

Baada ya wiki alirudi kazini. Mwisho wa mwezi binti akaja, na mwezi wa pili akaja, kisha akaanza kupiga simu badala ya kuja. Wanazungumza juu ya bati linalovuja, juu ya dawa ya bega, juu ya mvua. Binti huuliza kama mama anahitaji chochote. Mama husema hapana, mwanangu, niko salama, na wote wawili husubiri kidogo, kila mmoja akimsikia mwenzake anavyopumua, mpaka mmoja wao akate.