Kidole Gumba cha Karani

Yule karani wa bandarini, jirani yangu wa Bondeni, huja kasino ninapohudumu baada ya adhuhuri, shati limenyooshwa pasi, na huniagiza chai ya rangi asiyoinywa. Mkono wake wa kulia hukaa pajani, chini ya meza, na kidole gumba hutembea juu ya pingili za vidole kama mtu anayevuta uradi. Karata ndogo ikitoka, gumba husogea pingili moja mbele. Ikitoka kumi, au yenye picha ya mfalme, hurudi moja nyuma. Ndivyo anavyojua kama zilizosalia ni kubwa au ndogo. Dau likipanda wenzake hucheka ovyo na kufuta jasho. Yeye hupunguza hata kupumua.

Jumanne moja dau lilipanda kuliko siku zote. Simu yake, kando ya kikombe, ikaita mara tatu. Nikaliona jina.

“Ni dadako Fadhiya,” nikamwambia.

“Asubiri. Karata hazijesha.”

Sauti haikutetema, na gumba halikukosea hata pingili moja. Alishinda.

Fadhiya alikuwa akimwita aje amuage mama yao. Karani alipofika, mama alikuwa ameshafunikwa shuka.

Kwenye hitma niliketi ubavuni mwake. Watu walivuta uradi, na uradi huenda mbele tu. Midomo yake ilisema subhanallah kama yetu, macho yako mkekani, lakini gumba lilisogea pingili mbili mbele, likasita, likarudi moja nyuma.