Mama wa Kompyuta

Kadi ile ya picha ilifika Jumamosi, mkononi mwa jamaa yetu aliyekuwa anarudi kutoka Dubai, ndani ya boksi kubwa kuliko kitu chenyewe. Ni kipande cha chuma na plastiki chenye feni mbili, huchomekwa ndani ya kompyuta ili iweze kuchora picha nzito bila kukwama. Mama alikipima mkononi, akasema kizito kama pasi ya makaa. Nikamwambia, "Mama, riziki yetu imo humu." Ningejua, ningenyamaza.

Wakati huo nilikuwa nimeshachoka kwa miezi minane. Nilikuwa na kazi Dar es Salaam, ya kuchora ramani za nyumba, nikaiacha siku mama alipoanguka kwenye ngazi za nyumba yetu ya Mji Mkongwe. Hakuvunjika, lakini goti lake halijarudi kuwa goti, na haifai tena kumwacha peke yake kutwa. Khalati yangu, mdogo wake, alikuwa tayari kumchukua kwake Mtoni. Mama hakutaka. Nyumba hii aliingia bibi harusi, na alisema hatatoka kwa miguu yake mwenyewe. Basi nikarudi mimi.

Nikaishi kwa kazi za kuokoteza, mpaka ofisi moja ya Bara iliposema inaweza kunipa kazi ya kudumu ya kufanyia nyumbani: kuonyesha nyumba kongwe zitakavyokuwa baada ya kutengenezwa. Kwanza walitaka picha nne za majaribio, mwisho Alhamisi. Zikipendwa, nabaki na mama. Zisipopendwa, au zisipofika, narudi Dar, na mama anakwenda Mtoni atake asitake. Nilimweleza hivyo hivyo, neno kwa neno, kwa sababu kwetu hatufichani. Sijui kwa nini watu hujisifia jambo hilo.

Kompyuta yangu ilikuwa inachukua siku nzima kumaliza picha moja, na mara nyingine hufika katikati ikaganda. Ndiyo maana nikaagiza kadi mpya. Jumapili asubuhi nikaichomoa ya zamani, nikaichomeka mpya, na kwa kuwa waya zake zilichomoza, ubavu wa kompyuta haukufunga tena. Nikauacha wazi. Ikawaka. Nikafanya kazi hadi Magharibi kwa raha ambayo nilikuwa nimeisahau, nikaenda kuswali, nikampikia mama uji, nikarudi. Skrini nyeusi. Feni zinazunguka, taa ndogo nyekundu inawaka huko ndani, picha hakuna.

Jumatatu niliianza kazi ambayo simwombei hata adui yangu. Nilichomoa kadi nikaichomeka tena. Nilibadilisha waya wa skrini. Niliazima skrini ya jirani wa chini, nikaipandisha ngazi zile zile zilizomwangusha mama, nayo ikawa nyeusi kama ya kwangu. Nikarudisha kadi ya zamani, ambayo haikuwa na kosa lolote, nayo pia ikakataa. Hapo nikachanganyikiwa, maana kama kadi mpya ndiyo mbovu, ya zamani ingewaka. Nikairudisha ile mpya kwa hasira tu, na saa saba mchana, bila ya mimi kufanya chochote cha maana, picha ikarudi. Nikamaliza picha ya kwanza. Nikaingia jikoni baada ya Magharibi, niliporudi imeshakufa.

Nilikaa sakafuni nikaitazama. Nilijaribu kufikiri kama mtu mwenye akili. Inakufa jioni, jioni kila nyumba inawasha taa na mafeni, kwa hiyo umeme unapungua nguvu. Ndiyo hiyo. Au ni joto, kadi mpya inachemka. Au ni hewa yetu ya chumvi, inayokula bawaba za madirisha na itashindwaje na vijisindano vya kompyuta. Nilikuwa na sababu nyingi nzuri, zote nimezisoma kwenye simu, na hakuna hata moja iliyoniwashia kompyuta.

Mama alisimama mlangoni na mkongojo wake.

"Hiki kijicho," alisema. "Nani aliliona boksi?"

"Mama, hakuna kijicho. Ni umeme."

"Umeme huo huo friji linautumia, mbona halifi? Nani aliliona boksi?"

Nilikuwa nimechoka hata kubishana. Nikamsikia chumbani kwake akisoma sura za kinga, Falaq na Naas, sauti ya chini, akirudia.

Jumanne haikuwaka kabisa, asubuhi wala mchana. Nikaifunga ndani ya shuka, nikaipeleka kwa fundi mmoja wa Mkunazini, mzee wa Kihindi ambaye alitengeneza redio tangu ujana wake, na redio zilipokwisha akahamia kwenye kompyuta bila hata kubadilisha meza.

"Shikamoo."

"Marahaba. Weka hapo. Usinambie ugonjwa, mwenyewe ntauona."

Nikamwambia hata hivyo, kwa urefu, umeme na joto na chumvi. Alinisikiliza kama daktari anavyomsikiliza mgonjwa aliyekuja na majibu yake. Halafu akainamisha uso kwenye ule ubavu ulio wazi, akavuta pumzi, akaniangalia juu ya miwani.

"Hii imetoka harusini?"

"Vipi?"

"Inanuka waridi."

Akawasha taa yake ya mezani akanionyesha. Kwenye kadi, kwenye vijiti vya kumbukumbu, na chini yake kwenye ubao mkubwa unaobeba kila kitu, kulikuwa na madoa madogo ya mviringo, mengi, meupe ukingoni, mengine yameanza ukijani. Ubao ule fundi huuita mama, kwa sababu kila kipande kimeushikilia huo. "Ntasafisha," alisema, "halafu ntakwambia kama kilichokufa ni kadi au ni mama."

Nilicheka, kwa mara ya kwanza wiki ile. Nilimwona mama yangu waziwazi, na mrashi wake wa fedha wenye shingo ndefu, ule wa kunyunyizia wageni wa maulidi. Kitu kipya hakilali nyumbani kwetu bila kutiwa marashi. Godoro lilitiwa, friji lilitiwa, hata mkongojo wake ulitiwa. Mimi nilimwambia riziki imo humu, na yeye akanyunyiza humu. Na kila ilipozimika akahisi marashi ya jana hayakutosha. Nilipoacha kucheka nikamwonea huruma, na papo hapo nikakata shauri sitamwambia. Angejua kuwa ni yeye aliyekuwa akiizima kazi ya kutubakisha pamoja, asingelala. Nilijiona mtoto mwema sana nilipokuwa narudi nyumbani.

Jioni ile nilikuwa jikoni nakanda unga wa chapati. Jikoni na chumba cha mama vimetenganishwa na pazia tu. Nilidhani amelala. Simu ikalia, fundi. Mikono yangu ilikuwa imejaa unga, nikabonyeza kwa kiwiko, sauti ikatoka nje kwa spika.

"Nshamaliza," alisema. "Kadi nzima. Tatizo ni mama."

"Una hakika?"

"Nimejaribu kila namna. Mama keshachakaa. Nikimgusa hapa, analeta shida kule. Leo atakufanyia kazi saa moja, kesho hafanyi."

"Sasa nifanye nini?"

"Mtoe. Nnaye mwengine hapa, mzima. Wewe unang'ang'ania tu, na huyu ndiye anayekuzuia."

"Nikimtoa, kazi yangu ya Alhamisi itakwenda?"

"Itakwenda moja kwa moja."

"Basi mtoe," nilisema. "Mtoe leo leo, mimi nimechoka naye."

Maneno hayo niliyasema mimi, kwa kinywa changu, na mikono ndani ya unga. Nikamaliza kukanda. Nikapika chapati. Mama alikula nusu, akasema hana njaa, nikamwambia ale, akasema ameshiba.

Asubuhi ya Jumatano aliniambia anataka kwenda kwa khalati.

"Kufanya nini?"

"Kupumzika. Siku mbili tatu. Ufanye kazi yako."

Ningemuuliza. Mwanamke aliyekataa kwenda Mtoni kwa miezi minane, anaamka asubuhi moja na nguo zake zimeshakunjwa, mtu mwenye macho angemuuliza. Nasema kweli: nilifarijika. Nilifikiria siku mbili bila uji, bila dawa za saa mbili na za saa nane, bila kusikiliza ngazi. Khalati akaja na gari, tukamshusha mama pamoja, kidato kwa kidato, yeye amenishika bega. Chini akapumzika kwenye baraza, akaniambia funguo ya kabati iko chini ya mto. Nikamwambia hazipiti siku tatu, kwani anakwenda wapi. Akasema haya.

Mchana nikaichukua kompyuta kwa fundi, na ubao wake mpya, ubavu umefungwa kwa mfuniko mwengine aliounganisha mwenyewe. Ikawaka na ikaendelea kuwaka. Kazi iliyonitesa siku tatu ikaisha kwa saa chache. Alhamisi kabla ya adhuhuri picha zote nne zilikuwa zimekwenda, nikalala kitandani bila kuvua nguo mpaka alasiri. Jumatatu wakanijibu wamezipenda, nianze mwanzo wa mwezi, kwa mkataba wa kudumu.

Nilikwenda Mtoni siku hiyo hiyo. Mama alikuwa uani kwa khalati, amekaa kwenye kiti, anachambua mchele. Nikampa habari. Akainua mikono akashukuru, akanishika kichwa akanisomea dua, macho yake yamejaa machozi.

"Basi twende nyumbani," nilisema.

"N'nakaa kidogo."

"Mpaka lini?"

"Hapa pazuri, mwanangu. Hapana ngazi. Weye fanya kazi."

Nikamwambia kazi yenyewe niliitafuta kwa ajili yake. Akasema anajua. Nikakasirika, nikamwambia basi mambo gani haya, nimehangaika miezi yote ile ili abaki kwake, sasa nimepata, yeye hataki. Akaendelea kuchambua mchele. Nikatoka nje nikiwa nimevimba, na khalati akanifuata hadi barabarani.

"Humwonei haya," aliniambia. Khalati hana desturi ya kuzungusha maneno. "Unamwambia mtu kwenye simu nimechoka na mama, mtoeni. Mtoeni leo leo. Yumo ndani anakusikia. Halafu unakuja hapa kumwambia turudi."

Ilinichukua muda kuelewa anazungumza juu ya nini, na nilipoelewa nikaegemea ukuta wa watu. Nikamweleza pale pale, ubao, kompyuta, fundi wa Mkunazini na namna yake ya kusema. Khalati akanitazama kama mtu anayetaka kuamini. Akasema, "Rudi ukamwambie mwenyewe."

Nikarudi uani. Nikachuchumaa mbele ya mama, nikauondoa ungo mapajani mwake, nikamweleza yote tangu mwanzo. Nikamwambia ndani ya kompyuta mna ubao mkubwa, na vyote vingine vinashikwa na huo, ndiyo maana mafundi huuita mama. Nikamwambia aliyechakaa ni huyo. Aliyetolewa ni huyo. Niliyechoka naye ni huyo. Nikaapa. Nililia pia, na mimi si mtu wa kulia mbele ya mama, kwa sababu naye hulia na tukaanza kubembelezana wote wawili bila ya mtu wa kututuliza. Safari hii hakulia. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniacha nikapangusa uso kwa mtandio wake.

"Nimefahamu," alisema. "Wala sikukasirika nawe. Mtu huchoka."

"Si wewe, mama. Nakwambia si wewe."

"Nimefahamu. Huyo mama wa kompyuta." Mkono wake ulikuwa bado kwenye shavu langu. "Na huyo, aliharibiwa na nani?"

Nilikuwa na sababu zangu nzuri, umeme na joto na chumvi, ningeweza kuchagua yoyote. Hakuna hata moja iliyotoka. Mama aliniangalia nikinyamaza, muda wa kutosha, halafu akauvuta ungo akaurudisha mapajani, akaniuliza kama nshakula.