Chambo Asichokula Askari

Bata mzinga wa tano alipopotea, Mama aliniita kwenye veranda, akaniambia nivue kofia. Halafu akaniambia niivae tena, kichwa changu hakukipenda. Hapo nikajua siku yangu imeharibika.

"Mukenya," akasema, "mimi nilikuwa na bata kumi na moja. Sasa iko ngapi?"

"Sita, Mama."

"Nani anakula?"

Bondeni chini ya nyumba kulikuwa na matope na mafunjo, na kila jioni mbweha walikuwa wanalia huko. Waganda humwita kibe. Nikajibu haraka, kama mtoto aliyeulizwa na mwalimu, "Ni kibe, Mama." Ningekuwa na akili ningesema ni upepo.

"Sawa. Basi leta yeye hapa. Leo Jumatatu. Jumapili mukubwa ya Bwana anakuja kula hapa, na mimi nimesema atakula bata. Kama Jumamosi asubuhi mimi hapana ona hii munyama na macho yangu mbili, mimi naambia Bwana mwizi ni wewe."

Bwana mwenyewe, mume wa Mama, alikuwa kapteni. Majina sitaandika, kwa sababu wale watu wana watoto, na watoto hawakuiba kitu. Lakini vyeo nitavitaja vyote, na mwenye cheo chake atajijua.

Nyumba ilikuwa upande wa Lubaga, kwenye mteremko wa kuelekea Nateete. Ilikuwa ya Mhindi mmoja mpole. Wahindi walipofukuzwa, kapteni akapewa nyumba, akapewa duka la vyuma mjini, akapewa gari, na akanipata mimi palepale uani, nimesimama kando ya mashine ya kukatia majani. Hakuna aliyeniuliza kama nataka kubaki. Mashine nayo haikuulizwa.

Tulikuwa wawili, mimi na mwenzangu tuliyekuwa tukipalilia pamoja. Mwenzangu alisingiziwa redio. Walimtia kwenye buti la gari mchana kweupe, jirani wakitazama mawingu, na gambuti zake zikabaki mlangoni. Nilizivaa mimi miaka minne. Kwa hiyo Mama aliposema "naambia Bwana", miguu yangu ilielewa kabla ya masikio.

Sasa, kutega nilikuwa najua. Shule niliacha darasa la tatu, lakini mjomba wangu kule kwetu mpakani alikuwa mtegaji, na huko sikukosa hata siku moja. Mjomba alisema mbweha ana vitu viwili vya kudanganywa, tumbo na pua, na lazima umdanganye pua kwanza. Chambo ni cha tumbo: nyama, samaki, yai. Unakificha kwenye kashimo nyuma ya mtego. Lakini juu, kwenye kijiti upande wa upepo, unapaka harufu ya kumwita, kitu kibaya kabisa, kinachomfanya mbweha asimame na kusema, "Hee, huyu ni nani tena?" Akija kuuliza, anakanyaga. Na mtego wenyewe usiwe na harufu ya mtu. Unauchemsha na majani ya mkaratusi, unaupaka mavi ya ng'ombe, na huugusi kwa mkono mtupu.

Mtego wa chuma ulitoka dukani kwa kapteni, mpya, ndani ya boksi. Niliuchemsha vizuri nikauanika kwenye ua. Nikaenda kutafuta mavi ya ng'ombe. Kurudi, Mama ameuosha kwa sabuni.

Nieleweke hapa. Wakati ule sabuni ilikuwa haionekani Kampala. Watu walikuwa wanafua kwa majani ya mpapai. Mama alikuwa na vipande vitatu vya sabuni ya kuogea, ya magendo, yenye manukato, na kimoja alikimaliza chote kwenye mtego wangu, kwa mikono yake, na pete zake.

"Ulisema lazima isinuke," akaniambia, anahema.

"Ndiyo, Mama."

"Sasa nusa."

Nikanusa. Ulikuwa unanukia kama bibi harusi. Nikasema asante Mama, nikaenda nyuma ya jiko kuuchemsha upya, mara mbili, na povu likamwagika mpaka likazima moto.

Jumatatu hiyohiyo jioni nikatega kwa mukene, wale samaki wadogo wa kukausha, kwetu tunawaita omena. Nikaweka konzi nzima kwenye kashimo. Asubuhi mtego umefunga mdomo, mukene hakuna, na hakuna hata unyoya wa mbweha. Nilikuwa nimechekecha mchanga kuuzunguka ili nione nyayo. Nikaona nyayo. Mbweha wetu alikuwa anavaa buti la jeshi, namba tisa.

Mkosaji wa kwanza nataja: koplo wa getini. Nilimkuta kwenye kibanda chake anachokonoa meno.

"Afande, umeona mukene yangu?"

"Mukene gani?"

"Ya mbweha."

"Mbweha!" akasema koplo. "Wewe Mukenya, mimi askari ya serikali nakula ugali ya posho na chumvi hapana, na wewe unawekea umbwa samaki ndani ya shimo? Kama sahani? Wewe uko na haya?"

"Mtego ungekukata mkono, afande."

"Mimi mujinga? Nilifungua na bunduki."

Akanionyesha. Kwenye mdomo wa bunduki kulikuwa na alama mbili za meno ya chuma, na alikuwa amezipaka mate ili zisionekane.

Jumanne nikatafuta kitu ambacho koplo hali. Alikuwa Mwislamu anayeswali kwa saa, hilo nilimheshimu. Nikaenda Nateete sokoni, nikapata kipande cha nyama ya nguruwe, nikakizika nyuma ya mtego huku nimeridhika na nafsi yangu. Nilisahau kwamba Jumanne zamu ilibadilika. Yule aliyekuja kupokea alikuwa Mkatoliki, tena wa kwaya. Asubuhi nilikuta mifupa imepangwa vizuri kando ya shimo, na yeye mwenyewe akaniambia, bila kuulizwa, "Siku ingine weka na nyanya."

Jumatano asubuhi nikaweka matumbo ya mbuzi, na kufika mchana dini zote mbili zilikuwa zimeshiba.

Nikaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa nikafikiri. Mji mzima ulikuwa na njaa. Chambo kizuri kilikuwa kinaita watu. Mjomba aliishi wakati mwingine. Yeye alishindana na mbweha peke yake, hakuwahi kushindana na jeshi. Mimi nilihitaji kitu ambacho mbweha atakitamani na askari atakitemea. Na bahati ni kwamba kitu hicho nilikuwa nacho. Siku ile ya kwanza nilikuwa nimefungia mayai mawili na mukene kidogo ndani ya kopo, nikalizika karibu na tanuri la jikoni, pale pa joto, kama mjomba alivyofundisha, ili iwe harufu ya kijiti. Jumatano jioni nilifukua, nikafungua kwa mbali, kwa fimbo.

Siwezi kuielezea harufu ile kwa kalamu. Kuku wa jirani walihama. Koplo alitoka kibandani na leso puani akauliza kama kuna mtu amekufa, na wakati ule swali hilo watu hawakuliuliza kwa sauti. Nilipomwambia ni chambo, akarudi ndani akafunga dirisha. Nikajua nimeshinda.

Nikatega pembeni kidogo ya banda la bata, kwenye kichochoro cha majani ambacho mbweha yeyote mwenye akili angekipitia.

Alhamisi asubuhi bata mwingine hakuwepo. Wakabaki watano. Na mtegoni kulikuwa na kiatu.

Kiatu cha kahawia, cha kufunga kamba, cha mguu wa kulia, kimepigwa rangi mpaka kinang'aa. Kampala nzima hapakuwa na kiatu kama kile, isipokuwa mwenzake wa kushoto. Na wenzi hao niliwafahamu sana, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nawapiga rangi.

Nilikitoa haraka nikakitia ndani ya shati. Nilipoingia jikoni kuchukua kuni, kapteni alikuwa mezani anakunywa chai, mguu wa kulia umewekwa juu ya kiti, umevimba kama muhogo.

"Umeumia nini?" Mama anamuuliza.

"Mpira," akasema kapteni. "Tulicheza mpira kambini."

"Wewe? Na hii tumbo?"

"Nilikuwa golikipa."

Nikamwendea koplo. Sikumwambia habari ya kiatu, nilimuuliza tu kama Bwana huwa anatoka alfajiri. Koplo akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mbuzi sokoni.

"Wewe ulikuwa hapana jua? Kule Nateete iko mama mungine. Kila wiki nyumba yake inanukia bata. Mimi ndio nafungua geti. Bwana anaweka bata ndani ya kabuti, kichwa ya bata inachungulia hapa kwa kifungo, mimi napiga saluti."

"Kwa bata?"

"Kwa wote wawili."

"Na hukuniambia!"

"Ungefanya nini, ssebo? Ungeshika yeye?"

Hapo ndipo nilipoelewa shimo nililoingia. Nikikosa mbweha, Mama atamwambia kapteni kwamba mwizi ni mimi. Na kapteni atakubali mara moja, tena kwa furaha, kwa sababu mwizi mwenyewe alikuwa anamtafuta mtu wa kubeba jina hilo. Buti la gari lilikuwa palepale uani. Na mimi ndani ya shati nina kiatu chake, ambacho mtu yeyote akikiona nimekwisha kabla ya Jumamosi.

Nilitaka kukitupa chooni. Nilikuwa nimeshainua kifuniko kabisa. Halafu nikakinusa kile kiatu, sijui kwa nini, labda ni mazoea ya wiki ile. Kilikuwa na jasho la miaka mingi, na mafuta ya rangi, na mavi ya bata kwenye soli. Nikamkumbuka mjomba akimfukuza mbwa wetu kuzunguka nyumba, akitukana, mbwa amebeba kiatu chake cha kanisani. Mjomba alikuwa anasema hakuna kitu mbwa na jamaa zake wote wanachopenda kama ngozi iliyovaliwa na mtu mchafu. Na ni askari gani angekula kiatu?

Ijumaa jioni nikashuka bondeni mwenyewe, mpaka pale migomba inapoishia na mafunjo yanaanza. Ndani ya ncha ya kiatu nikashindilia uozo wa kopo lile, vijiko viwili. Nikakizika nusu, kisigino kikiwa juu. Nikatega mbele yake, nikapaka kijiti, nikarudi kinyumenyume nikifuta nyayo. Nilisali pia, na sisali mara nyingi.

Jumamosi, jua linatoka, alikuwepo.

Nilitegemea jitu. Alikuwa jike mzee, mwembamba kama mwavuli uliofungwa, sikio moja limeraruka. Mguu umeshikwa lakini haukuvunjika, na yeye hana habari na mguu. Amelala juu ya kiatu anakitafuna kwa raha zote. Alikuwa ameshamaliza ulimi na kamba. Nikamrushia gunia, nikamfunga, nikampandisha mlimani mgongoni pamoja na kiatu chake, maana alikataa kukiachia.

Wote walitoka uani. Mama kwa gauni la kulalia, koplo na bunduki yake yenye meno, na kapteni mguu mmoja ndani ya sandali ya tairi. Nikafungua gunia kidogo, kichwa kikatoka.

"Ndio huyu!" kapteni akapiga kelele. Sijawahi kuona mtu amefurahi hivyo kumwona mnyama. "Ndio huyu mwizi! Naona kwa macho yake!"

Mama akamtazama mbweha. Akamzunguka.

"Huyu amekula bata yangu sita?"

"Sita yote."

"Mbona amekonda hivi?"

Kapteni akafikiri. "Iko na minyoo," akasema.

Koplo akaanza kukohoa. Akakohoa mpaka akageukia ukuta.

"Na hii anakula ni nini?" Mama akauliza. Akainama, akavuta. Kisigino kikabaki mkononi mwake.

"Hata kiatu yangu ameiba!" kapteni akasema. "Nilikuwa natafuta tangu juzi! Koplo, piga yeye risasi!"

"Nani anapiga risasi na bata yangu tano iko hapa?" Mama akasema bila kugeuka. "Wakishituka watakonda. Na mguu yako, Bwana? Ni huyu pia alikuuma, ama ni mpira?"

Kapteni aliingia ndani anachechemea, akasema anatafuta bendeji.

Mama alikigeuzageuza kile kisigino mkononi. Mimi nilikuwa nimeshikilia gunia, nimesimama ndani ya gambuti za marehemu mwenzangu.

"Mukenya," akasema mwishoni, "mimi nilisema lete munyama. Wewe umeleta. Hiyo imekwisha." Nikapumua. "Fungua yeye, bambi, maskini. Huyu hajakula bata hata siku moja."

Nikamfungua. Mbweha alikimbia hatua kumi, akasimama, akarudi kuchukua kilichobaki cha kiatu, akashuka nacho bondeni. Na wa kwanza kumpigia saluti alikuwa koplo. Mkosaji nimemtaja, lakini na haki yake nampa.

Mama aliingia ndani. Akatoka na kile kiatu cha kushoto, kizima, kinang'aa kwa kazi ya mikono yangu, akanikabidhi.

"Hii chambo yako ni nzuri," akasema. "Weka ingine. Mlango ya banda."

Niliweka. Hakupotea bata tena.

Jumapili mkubwa alikuja na magari matatu. Bata wawili walikuwa mezani, na kapteni akasimama mlangoni kumpokea, nishani kifuani, saluti imenyooka, na chini amevaa sandali zote mbili za tairi. Mkubwa alizitazama sana, akamuuliza kulikoni. Mimi nilikuwa nimebeba maji ya kunawa, nilisikia kwa masikio yangu.

"Ni mbweha, Mzee," kapteni akasema.

Nyuma ya pazia Mama akacheka, na mimi nikamwaga maji kwenye suruali ya mkubwa.